Dawa Iliyotoka Shingoni mwa Kondoo

Mbele ya koo, chini kidogo ya kongomeo, kila mmoja wetu anayo tezi ndogo yenye umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa yake. Uzito wake katika mtu mzima haupiti sana gramu 20, na mwenye nayo huweza kuishi miaka mingi bila ya kujua kuwa ipo. Walakini kazi yake ni kubwa. Tezi hii hutengeneza homoni, yaani kichocheo ambacho damu hukichukua mpaka kila pembe ya mwili, na kichocheo hicho ndicho kinachoamua mwili ufanye kazi kwa kasi gani. Mfano wake ni utambi wa taa ya mafuta. Ukiupandisha kupita kiasi, taa hutoa moshi na chimni hupasuka. Ukiushusha mno, nyumba huwa giza. Mtu ambaye utambi wake umepanda hukonda ijapokuwa anakula sana, hutoka jasho usiku wa baridi, mikono humtetemeka, na moyo humwenda mbio hata akiwa ameketi kitako. Yule ambaye utambi wake umeshuka hunenepa, husikia baridi penye jua, ngozi humkauka, sauti humkwaruza, na mawazo yake huenda polepole kama mkokoteni uliokwama matopeni.

Tezi hiyo ikivimba, uvimbe wake huitwa rovu. Wazee wa nchi za milimani wanalijua rovu vizuri, maana mvua za maelfu ya miaka zimeuosha udongo wa milima na kuondoa madini ya iodini, na pasipo iodini tezi haiwezi kutengeneza homoni yake. Tezi inapoikosa hukua, kama mkulima anayezidi kupanua shamba lisilozaa kwa kutumaini kuwa ukubwa wa shamba utamletea mavuno.

Habari ninayotaka kuisimulia hapa ni ya dawa za tezi hii katika muda wa miaka mia mbili iliyopita. Nimeichagua kwa kuwa imo nyumbani mwetu, kama nitakavyoeleza, na kwa kuwa katika vitabu vingi habari za dawa huandikwa kana kwamba siku dawa ilipopatikana ndiyo siku taabu ilipokwisha. Mambo hayakuwa hivyo.

Iodini yenyewe ilipatikana kwa bahati. Katika mwaka wa 1811 Mfaransa mmoja, Bernard Courtois, alikuwa akitengeneza shura kwa ajili ya baruti ya majeshi ya Napoleon, na katika kazi hiyo alitumia majivu ya mwani. Siku moja alitia asidi kali kupita kiasi katika masalio ya majivu yale, akaona mvuke wa rangi ya zambarau ukipanda. Nao ulipopoa ukageuka vijiwe vyeusi vyenye kung'aa. Hakuna aliyejua wakati ule kitu hicho kingefaa kwa nini.

Aliyekipatia kazi alikuwa Jean-François Coindet, tabibu wa mji wa Geneva katika Uswisi. Nchi ile ya milima ilijaa watu wenye rovu, wengine wakiwa nalo dogo, wengine likiwaning'inia kifuani na kuwabana pumzi. Tangu zamani waganga wa Ulaya walikuwa wakiwapa wagonjwa wa rovu majivu ya sifongo la baharini, na wengine walipona. Coindet akajiuliza: je, ndani ya sifongo hakumo iodini ile ile iliyomo katika mwani? Akaiyeyusha iodini katika spiriti, akawapa wagonjwa wake matone 10 mara tatu kwa siku, kisha akaongeza hadi 15, kisha 20. Mwezi wa Julai mwaka wa 1820 alisimama mbele ya wataalamu wenzake akaeleza kuwa marovu makubwa yalilainika na kupungua kwa muda wa majuma machache.

Msomaji na afikiri furaha iliyouenea mji ule. Watu waliobeba mzigo shingoni tangu utoto waliambiwa kuwa matone ya maji yenye rangi ya kahawia yatawaondolea. Hawakungoja daktari. Wengi walijinunulia dawa wenyewe, wakajipimia wenyewe, na aliyeambiwa matone 10 alidhani kuwa 30 yatamponya mara tatu upesi zaidi. Ndipo malalamiko yalipoanza. Watu walipatwa na mapigo ya moyo ya haraka, mikono ikatetemeka, usingizi ukawakimbia, wakawa na njaa isiyoshiba na huku miili yao ikinyauka. Wengine walishangaa kuona kuwa rovu linapungua na mwenyewe anapungua pamoja nalo. Madaktari waliokuwa na shaka tangu mwanzo walisema kuwa Coindet ameleta sumu.

Sasa twajua kilichotokea. Tezi iliyoshinda na njaa ya iodini miaka mingi, hasa tezi ya mtu mzima iliyojaa vinundu, huzoea kushika kila chembe inayopita. Iodini ikiingia kwa wingi ghafula, baadhi ya vinundu hivyo hutengeneza homoni pasipo kizuizi, na utambi hupanda wenyewe. Coindet hakuweza kulijua jambo hilo, kwa maana neno homoni lenyewe lilikuwa bado kuzaliwa. Lakini alikuwa na macho, na alikuwa na uaminifu. Katika mwaka wa 1821 aliandika tena, na safari hii alizitaja dalili zile mbaya moja moja. Akawaagiza madaktari wamwangalie mgonjwa mara kwa mara, waisimamishe dawa mara tu moyo unapoanza kwenda mbio, wampumzishe, na wasiirudie ila kwa uangalifu. Watu humsifu kwa karatasi yake ya kwanza. Kwa maoni yangu heshima yake imo zaidi katika ile ya pili.

Hata hivyo hofu ilikuwa imekwisha kuingia. Kwa muda mrefu wa karne ile madaktari wengi wa Ulaya waliiogopa iodini, na wale waliotaka kuondoa rovu kwa hakika waligeukia kisu.

Mpasuaji mkuu wa tezi hii alikuwa Theodor Kocher wa mji wa Bern, katika Uswisi ile ile. Kabla yake kulipasua rovu kulikuwa kama kumpeleka mgonjwa kaburini, kwa ajili ya damu nyingi iliyomwagika. Kocher alikuwa mtu wa subira na mikono safi. Alifunga kila mshipa mmoja mmoja, na wagonjwa wake wakaanza kutoka hospitali wakiwa hai. Mwezi wa Januari mwaka wa 1874 alimpasua binti wa miaka 11 akaiondoa tezi yake yote. Kidonda kilipona vizuri. Daktari wa kijijini kwao, hata hivyo, aliandika baadaye kuwa tabia ya mtoto imebadilika: amekuwa mzito, hana furaha, na kazi ndogo za nyumbani humshinda.

Kocher hakulifuata neno lile kwa wakati wake. Miaka ilipita mpaka mpasuaji mwingine, Jacques-Louis Reverdin wa Geneva, alipomwambia kuwa baadhi ya wagonjwa waliotolewa tezi yote hurudi wakiwa na uso uliovimba na akili iliyopungua. Ndipo Kocher akawaita wagonjwa wake wa zamani waje awaone. Kati ya 18 waliotolewa tezi yote ambao aliweza kuwachunguza, ni 2 tu waliokuwa wazima. Binti yule alikuja pamoja na mdogo wake. Zamani walifanana hata watu wakiwachanganya. Sasa mdogo alikuwa mwanamwali mrefu mwenye uso mzuri. Mkubwa alibaki na kimo cha mtoto, uso wake umevimba, na macho yake hayana nuru. Walisimama wote wawili mbele ya mtu aliyefanya kazi yake kwa ustadi wote aliokuwa nao.

Kocher angaliweza kunyamaza. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1883 alisimama mbele ya wapasuaji wa Ujerumani akayaeleza yote, akasema kuwa hataiondoa tena tezi nzima kwa sababu ya rovu la kawaida. Katika mwaka wa 1909 alipewa tuzo ya Nobel. Nimewauliza wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu mara nyingi kama tuzo ile ilimstahili, nao hawajapata kukubaliana.

Wakati huo huo madaktari wa Uingereza walikuwa na fumbo lao. William Gull alieleza katika mwaka wa 1873 habari za wanawake wazima ambao, bila ya kupasuliwa, walianza kuvimba uso, kupooza mwili na kupungukiwa na akili. Na William Ord akaupa ugonjwa huo jina la miksidema katika mwaka wa 1878. Uso wa wanawake hao ulifanana kabisa na uso wa wagonjwa wa Kocher. Tume ya madaktari wa London ikafanya uchunguzi miaka mitano, na katika mwaka wa 1888 ikatoa hukumu kuwa asili ya yote ni moja: tezi imekufa au imeondolewa. Basi swali lililobaki lilikuwa jepesi kulitamka. Ikiwa mgonjwa hana tezi, je, haiwezekani kumwazima ya mnyama?

Aliyejibu ni kijana wa miaka 25, George Murray, wa mji wa Newcastle kaskazini mwa Uingereza. Alipowaeleza wenzake shauri lake mapema katika mwaka wa 1891, mmoja wao alimdhihaki akasema kuwa ni sawasawa na kumtibu mwenye maradhi ya uti wa mgongo kwa kumpa mchuzi wa uti wa mgongo. Murray hakujali. Alikwenda machinjioni, akachukua tezi ya kondoo aliyechinjwa wakati ule ule, akaikatakata vipande vidogo, akailoweka katika gilisirini na asidi kidogo ya kaboliki, na siku ya pili akaikamua kwa leso safi. Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kidogo na mazito. Akamdunga sindano mwanamke wa miaka 46 aliyeugua miksidema kwa miaka minne au mitano.

Baada ya miezi michache uvimbe wa uso ulipungua, maneno yalimtoka upesi, ngozi ikaanza kutoa jasho, na mwanamke yule akaanza kutembea na kuzifanya kazi za nyumba yake. Habari hizo zikaenea ulimwenguni. Lakini Murray naye, kama Coindet, hakuandika mema peke yake. Alieleza kuwa sindano ikisukumwa kwa haraka uso wa mgonjwa huwa mwekundu, moyo humchafuka, mgongo humuuma, na imetokea hata mgonjwa kuzimia. Basi akajifunza kuisukuma polepole na kupunguza kipimo.

Mwaka uliofuata, 1892, Hector Mackenzie wa London na Edward Fox wa Plymouth waligundua kuwa sindano si lazima, kwa maana dawa hiyo haiharibiki tumboni. Fox alimpa mgonjwa wake nusu ya tezi ya kondoo iliyokaangwa kidogo, aile pamoja na jamu ya matunda mara moja kwa juma. Naweza kufikiri uso wa mgonjwa huyo mbele ya sahani yake. Lakini kijiko cha jamu kilikuwa rahisi kuliko sindano.

Ugumu mkubwa ulikuwa wa kipimo. Kondoo mmoja si sawa na mwingine. Tezi ya kondoo aliyelishwa nyasi zenye iodini ina nguvu, na ya yule aliyelishwa penye uhaba haina. Tezi ya leo yaweza kuwa kali na ya kesho ikawa bure. Daktari alikuwa kama mpishi anayetia chumvi gizani. Mgonjwa aliyezidishiwa alijikuta katika taabu zile zile za Geneva, na aliyekuwa na moyo dhaifu alikuwa katika hatari zaidi, kwa sababu moyo uliozoea kwenda polepole miaka mingi ulitakiwa kukimbia kwa ghafula. Wakajifunza kuanza kidogo na kupanda kidogo kidogo. Kanuni hiyo ingali ikifuatwa kwa wazee na wagonjwa wa moyo.

Tena walitokea watu wasio na ugonjwa wowote wa tezi, waliosikia kuwa dawa hii hupunguza unene, wakaimeza kwa ajili ya umbo. Walikonda kweli, na mioyo yao ikaharibika. Upuuzi huo ulianza kabla ya mwaka wa 1900 na haujakoma.

Hapa ndipo niingize habari ya nyumbani. Mama mkubwa wangu, dada wa mama yangu, alikuwa na rovu tangu usichana wake, na alipolemewa na pumzi alipasuliwa, tezi yote ikaondolewa. Alipewa vidonge vidogo vyeupe akaambiwa avimeze maisha yake yote. Mwanzoni hakuwa na taabu. Kisha katika zahanati moja kipimo chake kiliongezwa maradufu kwa siku moja, na baada ya majuma mawili nilimkuta ameketi mlangoni usiku wa manane, mtandio umelowa jasho.

"Mwanangu," aliniambia, "dawa hii inanipigia ngoma kifuani. Nikilala naisikia mtoni."

Mto aliousema ni wa kulalia. Nilimwomba turudi kwa daktari. Akaitikia, lakini mimi nilipokwisha kurudi kazini alivifunga vidonge vyote katika kitambaa akavitia chini ya godoro. Hakuna aliyejua. Kwa muda alijiona amepona, maana ngoma ilinyamaza. Niliporudi likizoni, miezi minne baadaye, aliyenifungulia mlango alikuwa mtu mwingine: uso umevimba, sauti nzito kama ya mwanamume, sweta mbili mwilini mchana wa jua. Alinitazama kwa muda kabla ya kulitaja jina langu. Nikaukumbuka uso wa binti wa Bern, ambao nilikuwa nimeufundisha darasani muhula ule ule kwa ufasaha mwingi bila ya kujua kuwa umo katika ukoo wangu.

Daktari aliyemtibu baadaye hakumkaripia. Alimweleza kwa saburi kwamba madhara yale hayakuwa ya dawa yenyewe bali ya wingi wake, na kwamba dawa hii haifanyi haraka kupanda wala kushuka mwilini. Ukikibadilisha kipimo leo, mwili huchukua kama majuma sita hata utulie, na ndipo damu ipimwe. Kwa hiyo asiyejua hujidanganya mara mbili: huongezewa dawa akaona haina tofauti, akataka zaidi, au huiacha akaona hajambo, kumbe anaishi kwa akiba ya siku zilizopita. Mama mkubwa alianzishwa tena kwa kipimo kidogo sana, akapandishwa hatua kwa hatua kwa muda wa karibu nusu mwaka.

Kipimo hicho cha hakika kilipatikana kwa jasho la wengi, nami nitalipita upesi. Edward Kendall, katika Mayo Clinic ya Rochester, Marekani, alizipata chembe safi za homoni hiyo siku ya Krismasi ya mwaka wa 1914, akaiita thairoksini; alitumia tani kama tatu za tezi za nguruwe ili kupata gramu 33 tu. Charles Harington wa London alieleza katika mwaka wa 1926 jinsi ilivyojengwa, na mwaka uliofuata yeye na George Barger wakaitengeneza wenyewe bila ya mnyama. Tangu hapo kidonge kimoja kiliweza kuwa sawa na kingine, na mgonjwa hakutegemea tena malisho ya kondoo.

Hata wale ambao utambi wao umepanda wenyewe walihitaji dawa, nayo ilikuja kwa njia ya ajabu. Katika mwaka wa 1928 wataalamu wa Baltimore, waliokuwa wakichunguza ugonjwa mwingine kabisa, waliona kuwa sungura wao waliolishwa kabichi tupu wamepata rovu. Baadaye, katika mji ule ule, Julia na Cosmo Mackenzie waliwapa panya dawa fulani ya kusafisha matumbo, wakaona tezi zao zimevimba na huku hazitengenezi homoni. Daktari Edwin Astwood wa Boston akafahamu maana yake: kumbe kuna vitu vinavyoifunga tezi kazi. Katika mwaka wa 1943 akatangaza kuwa amewatibu watu kwa dawa iitwayo thaiourasili, na mioyo iliyokuwa ikikimbia ikatulia.

Walakini furaha hii nayo ilikuja na kivuli chake. Baadhi ya wagonjwa walipatwa na vipele na kuwashwa. Wachache sana walipatwa na jambo baya zaidi: chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, zilitoweka, na koo lililoanza kuuma asubuhi likawa homa ya kuua. Dawa mpya zikatafutwa, zenye madhara machache kuliko ile ya kwanza, na ndizo zinazotumika mpaka leo, kama kabimazoli iliyo katika hospitali zetu. Lakini hatari ile haikutoweka kabisa. Haifiki watu 5 katika 1,000, na aghalabu hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Kwa hiyo anayemeza dawa hizi huambiwa tangu siku ya kwanza: ukipatwa na homa, koo likauma, au vidonda vikatoka mdomoni, usingoje kesho, acha vidonge na uende hospitali siku ile ile damu ipimwe. Nimemjua mwalimu mwenzangu aliyeokoka kwa sababu aliliandika neno hilo ndani ya jalada la kitabu chake cha mahudhurio, na siku koo lilipomuuma hakudhani kuwa ni vumbi la chaki.

Na ile iodini ya Coindet? Ilirudi kwa kiasi kidogo. Tangu mwaka wa 1917, katika mji wa Akron, Marekani, David Marine na mwenzake waliwapa wasichana wa shule iodini kidogo mara mbili kwa mwaka. Kati ya wasichana 2,190 waliomeza, ni 5 tu ambao tezi zao zilivimba. Kati ya 2,305 ambao hawakumeza, tezi za 495 zilivimba. Katika mwaka wa 1922 Waswisi wakaanza kuitia iodini katika chumvi, kwa kiasi ambacho Coindet asingeweza hata kukipima kwa matone yake. Katika Kenya sheria ya kutia iodini katika chumvi ya chakula ilianza mwaka wa 1978, na hivi leo chumvi inayokaushwa kwa jua kule Gongoni, kaskazini ya Malindi, huongezewa madini hayo kabla ya kupanda bara mpaka milimani. Watoto wa milima kwetu hawana tena shingo za bibi zao.

Hata hivyo Geneva ya mwaka wa 1820 ilijirudia. Katika kisiwa cha Tasmania, iodini ilipotiwa katika mkate mwaka wa 1966, madaktari waliona wagonjwa wa moyo wenye tezi kali wakiongezeka, wengi wao wazee wenye marovu ya siku nyingi. Katika miaka ya 1990 jambo hilo hilo lilionekana Zimbabwe na katika Kivu, mashariki mwa Kongo, ambako rovu lilikuwa limeenea tangu vizazi. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, wachunguzi waliona kuwa hata muhogo usiotengenezwa vizuri ulizidisha upungufu wa iodini. Chumvi haikuondolewa, wala haikustahili kuondolewa, kwa maana faida yake kwa watoto ni kubwa mno na madhara yale hupungua kwa muda wa miaka michache. Ila watu waliambiwa wapime kiasi kiwandani kwa uangalifu zaidi, na madaktari wakaambiwa wawaangalie wazee.

Mwanamke yule wa Newcastle aliyedungwa sindano ya kwanza aliishi mpaka mwaka wa 1919, akafa akiwa na miaka 74. Murray mwenyewe alifanya hesabu: kwa muda wa miaka 28 mgonjwa wake alikuwa ametumia dawa iliyotoka katika tezi za kondoo zaidi ya 870.

Mama mkubwa amezipenda sana hesabu hizo. Kila asubuhi, kabla ya jua, humeza kidonge chake kwa maji matupu. Kwanza alikuwa akikimeza kwa chai ya maziwa, mpaka alipoelezwa kuwa maziwa huizuia dawa isiingie mwilini yote, na kwamba vidonge vya kuongeza damu au vya mifupa huizuia zaidi, navyo vyataka kungoja saa nne. Kidonge kikisha kushuka huketi kwenye kigoda karibu na mafiga, huweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono kama alivyofundishwa, na hutazama saa ya ukutani akihesabu mapigo kwa dakika moja nzima. Hesabu huiandika kwa penseli katika daftari la shule nililompa. Sufuria ya chai huwa imefunikwa kando yake, na haruhusu mtu yeyote kuifunua mpaka saa itimie.